Pamba za Bonifasi

Chumvi haionjwi kwa kijiko, wanangu. Nawaona siku hizi mnachovya kijiko, mnalamba, mnakirudisha sufuriani, halafu mnavaa kofia ndefu nyeupe na kujiita wapishi. Mchuzi hudondoshwa mgongoni mwa mkono, ukaachwa upoe kidogo, ndipo ulimi ukapita. Ukiwa wa moto, ulimi hudanganyika. Ukitangulia kula pilipili, hudanganyika. Na ukiwa na njaa ndiyo basi, hata maji ya kuoshea mchele utayasifu. Hayo nilifundishwa na Bi. Zuhura wa Kibokoni, Mungu amrehemu.

Jina langu ni Skolastika, lakini sijakutana na mtu aliyelimaliza. Niiteni Bi. Skola. Mimi ni Mtaita wa milimani, Mkatoliki wa kubatizwa mchanga, niliyeteremka Mombasa kutafuta kazi nikaangukia kwenye ua wa Bi. Zuhura. Yeye alipika vyakula vya shughuli: arusi, maulidi, hitima, wageni wa ghafla. Hoteli hakuwa nayo, wala kibao mlangoni. Alikuwa na mafiga, masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, na jina zuri mjini.

Wiki yangu ya kwanza nilitia tui zito mwanzo, moto ukiwa mkali, likakatika. Mchuzi mzima ukawa mabonge chini na mafuta juu. Hakunifokea. Alinipakulia sahani ikajaa, akaketi mbele yangu na kipepeo chake cha kupepea moto, akaniambia nile. Nikala. Kesho yake mchana akanipakulia uliobaki. Tangu siku ile najua kwamba tui jepesi hutangulia, zito huja mwisho moto ukishapunguzwa, na huliachi likachemka bila kulikoroga. Nyinyi mna tui la pakiti, halikatiki hata ukilitukana, kwa hivyo hapo hamtajifunza kitu. Sisi tulikuna nazi kwa mbuzi. Nasema kile kibao cha kukalia chenye meno, maana juzi mmoja wenu alinitolea macho niliposema nazi ilipandishwa juu ya mbuzi.

Haya. Nilitaka kuwaambia habari ya Bonifasi.

Mjue kwanza kwamba Bi. Zuhura, Ramadhani ikiingia, hakuonja chakula. Mwenyewe alinieleza kuwa mpishi aliyefunga ana ruhusa ya kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, ila alisema ulimi wake akiutuma huko haujui njia ya kurudi. Basi mwezi mzima ulimi wa ua ule ulikuwa wangu mimi na Bonifasi. Bonifasi alikuwa Mgiriama, Mkatoliki mwenzangu, mtu wa kupasua kuni, kwenda sokoni na kukoroga sufuria kubwa. Mwili wa miraba minne, moyo mzuri, hana kinyongo na mtu.

Ila alikuwa na elimu moja ya dini, na hiyo aliishika kwa mikono miwili. Katika mafundisho ya kipaimara tulifundishwa kwamba ili kosa liwe dhambi ya mauti lazima mambo matatu yakutane: jambo lenyewe liwe zito, ulijue kuwa ni kosa, na ulikubali kwa hiari yako. La kwanza na la tatu Bonifasi aliwaachia wengine. La pili lilimkaa moyoni. Kumbe usipojua, umesalimika! Akaanza kazi ya kutojua, na nawaambia sijaona mtu akifanya kazi yoyote kwa bidii kama ile.

Padre akisimama kutoa matangazo, Bonifasi hutoka kwenda msalani. Akiokota kitu njiani hageuki nyuma, asije akamwona aliyekiangusha. Ukianza kumwambia, "Boni, unajua lakini kwamba…" anaziba masikio na kuimba. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa kiza. Bonifasi alitandika mkeka humo humo akalala.

Sasa, mwanzoni mwa miaka ya tisini Ramadhani na Kwaresima zilikutana. Huwa hivyo baada ya miaka mingi, kwa sababu mwezi wa wenzetu unatembea. Na sisi Wakatoliki, Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama, na kuku ni nyama msinidanganye. Mnaona balaa lenyewe? Siku ya Ijumaa ua mzima hauna ulimi. Mwenye sufuria kafunga, na ndimi zake za kukodi nazo zimefungwa.

Mimi nilikwenda kumuuliza padre. Alikuwa mtu mnene, mwenye subira, mpenda chakula. Akaniuliza kwanza ni nini hasa tunachopika, nikamtajia, akafumba macho kidogo. Kisha akasema kuonja kwa ajili ya kazi na kutema si kula, niende kwa amani. Basi nikawa naonja, natema kwenye majivu. Nikamwambia Bonifasi aende naye akaulize.

"Nikauliza, halafu akisema hapana?" akanijibu. "Si nitakuwa nimejua?"

Yeye alichagua njia yake. Alikata shauri asijue kuwa ni Ijumaa.

Jamani, kutojua kuwa ni Ijumaa, na uko Kibokoni! Kuanzia asubuhi udi unafukizwa kila nyumba. Kanzu zimepigwa pasi zinapita barazani nyeupe pe. Maduka yanafungwa mchana, na misikiti inaadhini huku na huku. Bonifasi akafumua mto wake wa sufi, akajisokotea pamba, akajitia masikioni. Kitambaa akajifunga puani, akidai ni moshi wa kuni. Macho akayaelekeza chini, akawa anawajua watu kwa viatu. Hivyo ndivyo alivyoonja nyama Ijumaa mbili za kwanza, akameza kabisa, akarudia. Nikimwambia leo ni Ijumaa, ananitazama mdomo na kutabasamu kama bubu.

Mimi nilicheka, sikatai. Ilikuwa tumbo lake na roho yake. Mambo yakageuka Ijumaa ya tatu.

Kulikuwa na nyumba moja hapo Kibokoni iliyokuwa imeposewa binti. Wakwe walikuwa wakitoka Bondeni kuja kufuturu siku hiyo, na mamake binti alimwambia Bi. Zuhura waziwazi: wakwe wakiridhika, masufuria ya arusi baada ya Idi ni yako. Nasi tulikuwa na haja nayo. Kulikuwa na mpishi mpya aliyekuwa akituchukulia watu, na mwaka ule tulikosa arusi juu ya arusi. Bi. Zuhura hakutuficha. Alisema hii nayo ikimponyoka atauza masufuria makubwa, akae kizingitini akaange kaimati, na kwa kaimati hahitaji Skola wala Bonifasi.

Waliagiza kuku wa kupaka. Kuku huchomwa makaani mpaka ngozi iungue kidogo, kisha hupakwa tui zito lililopikwa kwa tangawizi, thomu, yaani kitunguu saumu, na pilipili. Na desturi yetu ilikuwa hivi: Bonifasi ananunua kuku wazima Marikiti, anawaleta uani, na Mzee Abudi jirani, aliyesomesha watoto chuo cha Kurani, anakuja na kisu chake kuwatinda. Kutinda ndiyo kuchinja, kwa Kimvita. Bi. Zuhura husimama hapo hapo, asikie bismillahi kwa masikio yake.

Asubuhi ile alimwambia Bonifasi awahi, awe amerudi kabla Mzee Abudi hajaondoka kwa sala ya Ijumaa. Mwenzangu alikuwa tayari na pamba zake. Alichosikia Mungu ndiye ajuaye. Aliitikia kwa kichwa, akachukua kapu akaenda, akapiga soga na wachukuzi, na alipofika kwa mwenye kuku watu walikuwa wanafunga vibanda. Hapo kijasho kikamtoka. Akazunguka vichochoro vya Majengo, kichwa chini, mpaka akakuta mtu na karai la kuku waliokwisha nyonyolewa, naye ana haraka ya kuondoka. Akawachukua wote.

Bi. Zuhura alikuwa nyumba ya shughuli akisimamia kutandikwa kwa mikeka. Mimi nilikuwa natwanga thomu. Kuona kuku wametulia ndani ya kapu, mkono ukakwama juu na mchi. Nikamwendea Bonifasi nikamchomoa pamba ya sikio la kulia.

"Nani kawachinja hawa?"

"Sikuuliza," akasema. "Na wewe usiulize. Tukiuliza tutajua. Tukijua itabidi tuseme. Tukisema, watu waliofunga watalala njaa na Bi. Zuhura atauza masufuria. Hii ni huruma, Skola."

Nikamuuliza muuzaji alikuwa mtu gani. Akasema alivaa makubadhi ya ngozi. Zaidi ya makubadhi hakuona.

Wanangu, msidhani sikushawishika. Kuku walikuwa wazuri, wanono. Kazi yangu ilikuwa humo ndani ya lile kapu pamoja nao. Nani angejua? Nikajaribu kutojua, nawaapia. Nikaosha mchele. Nikaimba. Nikatwanga thomu ambayo ilikwisha twangika. Lakini mimi nilikuwa najua kwamba hatujui, na hilo nalo ni jambo la kujua, halitoki kichwani kwa kuimba. Watu wameshinda njaa kutwa nzima kwa ajili ya Mungu wao, halafu mimi niwawekee mezani kitu wasichoweza kukila kwa amani, eti kwa sababu tumekaza shingo tusitazame juu? Makaa sikuyawasha. Baada ya alasiri Bi. Zuhura aliporudi, nikamwambia yote kabla hajavua buibui.

Hakupiga kelele. Alikwenda akasimama mbele ya Bonifasi, akamchomoa pamba ya sikio la kushoto, akaitazama, akaitupa jikoni.

"Kuku hawa wametindwa ni nani?"

"Sijui, Bi. Zuhura."

"Kwani hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Mbona hukuuliza?"

Bonifasi alitazama viatu vyake, akatazama vyake Bi. Zuhura, na viatu vikamwishia. Akasema kwa sauti ndogo, "Niliogopa jawabu."

"Basi nusu yake wewe walijua," akasema Bi. Zuhura. "Mtu haogopi asilolijua kabisa."

Kisha akaketi juu ya mbuzi, ile ya kukunia nazi, akajishika tama. Nilidhani analia. Kumbe anafikiri. Kuku wengine saa ile wangetoka wapi, na Mzee Abudi alikwenda msikitini akabaki huko huko kwa darsa mpaka magharibi. Samaki soko limefungwa. Mbuzi, mwenye miguu sasa, usiku ungetukuta tunamchuna. Ghafla akainua kichwa.

"Yai," akasema, "halitindwi."

Bonifasi alitimka mwenyewe hadi duka la Bohora la pembeni, safari hii masikio wazi, akarudi na matrei yamepanda mpaka kidevuni. Tukachemsha. Yeye akamenya yote peke yake, vidole vikaungua, wala hakuna aliyemwonea huruma. Nikayakaanga kidogo yakapata ngozi, nikayatoboatoboa kwa mwiba wa mlimau ili rojo liingie, nikayalaza ndani ya lile tui la kupaka. Fanyeni hivyo hivyo siku mkipungukiwa, msipotoboa yai hubaki jeupe ndani halina habari na mchuzi. Na mjue nilionja nikameza. Yai si nyama! Ijumaa ile ilikuwa ya kwanza kwangu kutotema.

Adhana ya magharibi ikatukuta tumeshafikisha sinia. Wakwe wakafungua kwa tende na maji, wakasali, wakakaa. Mamake binti alipofunua na kuona mayai, rangi ilimpotea. Upande wa wanawake wakainamia sinia kutazama. Bi. Zuhura hakungoja kuulizwa. Akasimama mlangoni, akasema kuku wapo uani, ila wamekuja bila ya kujulikana aliyewatinda, naye hawezi kuwalisha wageni neno la pengine. Kosa ni la jikoni kwake, wamsamehe, ila chakula hiki anakijua mwanzo wake na mwisho wake.

Kulikuwa na bibi mmoja mkongwe sana, bibi yake bwana arusi, hana jino hata la dawa. Alikwisha chukua yai zamani, kabla ya maelezo. Alitafuna kwa fizi zake taratibu, akameza, akachukua la pili.

"Tangu meno yanitoke," akasema, "kila nikialikwa huwekewa kuku, nami humtazama nikarudi na njaa. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunikumbuka. Mpishi huyu ndiye atakayepika arusi ya mjukuu wangu, na mayai haya yawepo."

Kwa wakwe wale neno la bibi lilikuwa halirudi. Masufuria yakabaki. Nami nikabaki.

Tuliporudi uani kuku walikuwa pale pale ndani ya kapu, wanatutazama. Bi. Zuhura hawezi kula, hamjui aliyetinda. Mimi siwezi, Ijumaa. Bonifasi akalisogelea kapu. Akavuta pumzi. Akapapasa sikio, pamba hamna. Akauliza, macho juu, sauti kama ya malaika, "Kwani leo siku gani?"

"Ijumaa!" Tulijibu pamoja, mimi na Bi. Zuhura, mpaka jirani akafungua dirisha.

Kuku waliliwa na mlinzi wa duka la jirani, Mprotestanti. Ndiyo siku pekee niliyoona Mprotestanti akihusudiwa na pande zote mbili kwa pamoja.

Hadithi haikuishia hapo. Jumamosi asubuhi Mzee Abudi alipita, akatupa subalkheri, akauliza kama wale kuku walikuwa wazuri. Kuku gani? Wale aliowanunua Bonifasi kwa mpwa wake kule Majengo, akasema. Mpwa wake alimweleza amemuuzia jitu lililojifunga pua, halisemi wala halitazami. Kuku wale aliwatinda yeye mwenyewe alfajiri, kwa mkono wake, na bismillahi kwa kila mmoja.

Bonifasi aliruka juu kwa furaha! Mnaona? Halali tupu! Hapakuwa na kosa lolote, mmenimenyesha mayai bure! Akatamba mtaa mzima. Mpaka mimi nikaanza kuona haya, nikasema labda kweli tulimwonea. Nikamshika mkono nikampeleka kwa padre, atuamue.

Padre alisikiliza yote. Kwenye habari ya mayai alitaka nirudie mapishi. Kisha akamgeukia Bonifasi, akamuuliza, akifumba macho na kurusha jiwe juu ya ukuta wa chuo cha watoto, lisimpate mtoto, je, hana kosa? Padre akasema yuko asiyejua kwa sababu hakuwa na wa kumwambia, huyo Mungu anamwelewa. "Lakini aliyejiziba pamba, mwanangu, alijua kuna sauti. Kutojua kwako hukupewa. Umekusokota mwenyewe." Wale kuku walikuwa safi, akasema, na shukrani ni kwa Mzee Abudi, hazimhusu Bonifasi hata kidogo.

Kitubio alichompa kilijulikana mji mzima, maana ilibidi akifanye hadharani. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, amwamkie Bi. Zuhura na kumtajia leo ni siku gani. Mpaka Pasaka. Lakini Bi. Zuhura alikipenda sana, Idi ikapita, Pasaka ikapita, arusi ikapikwa na mayai yakaliwa, na bado kila asubuhi unasikia, "Bi. Zuhura, leo Jumanne." Ijumaa watu wa barazani walikuwa wakimsubiri apite ili wamwambie wao kwanza. Naye akawa mtu wa kuuliza kupita kiasi. Akitumwa kuku, anarudi na jina la aliyetinda, la babake, na msikiti anaosali.

Bi. Zuhura alitangulia. Masufuria yake ninayo mimi, nitawaonyesha mkimaliza chai.

Bonifasi yupo. Anaishi Majengo kwa binti yake, na kichwa kimeanza kumtoka. Kwaresima iliyopita nilikwenda kumwona, Ijumaa. Binti alikuwa amempikia supu ya mbuzi kwa amri ya daktari, naye ni mgonjwa, Kanisa halimkazi mgonjwa. Ameinua kijiko, akasita.

"Skola, leo siku gani?"

Nikamwambia Ijumaa. Akauliza kama ni Kwaresima. Nikamwambia ndiyo. Akaweka kijiko chini, akasukuma bakuli mbali, mzee wa watu, anatetemeka kwa udhaifu. Nikamweleza habari ya daktari. Tukazungumza mambo mengine kidogo. Kisha akaliona tena bakuli, akanigeukia.

"Skola, leo siku gani?"

Nikamtazama masikioni. Hapakuwa na pamba. Nikamtazama machoni, na humo nako hapakuwa na hila. Alikuwa hajui, wanangu. Baada ya kuhangaika vile ujana wake wote, alikuwa hajui kweli. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

"Kula, Boni," nikamwambia.

Akachukua kijiko. Akadondosha supu mgongoni mwa mkono, akaiacha ipoe, akapitisha ulimi. Akatikisa kichwa.

"Chumvi haijakolea," akasema.

Nikadondosha nami mkononi mwangu, nikaonja, nikatoka mlangoni kutema. Kweli haikuwa imekolea. Nikaenda kumletea chumvi.